Mgao umegoma, diski ina nafasi: faili ya mwanafunzi ilipotelea wapi?

Swali la msomaji

Habari za kazi, mtaalamu. Ninasimamia maabara ya kompyuta ya chuo chenye wanafunzi kama mia tatu. Folda zao za /home ziko kwenye seva moja ya Linux yenye mfumo wa faili wa ext4, na kompyuta za maabara zinazifikia kwa NFS, njia ya kutumia faili za seva kupitia mtandao. Kila mwanafunzi nimempa mgao wa diski: kikomo laini gigabaiti 5, kikomo kigumu gigabaiti 6. Wiki iliyopita mwanafunzi wa uzamili aliendesha skripti yake ya Python ya kusafisha data za utafiti, vipimo vya unyevu wa udongo vya miezi minane, faili ya megabaiti 3 hivi. Skripti ikamaliza bila kulalamika. Kesho yake faili ilikuwa na baiti sifuri. Diski ya seva ina nafasi ya gigabaiti 400. Nimejaribu kuandika faili kwenye folda yake nikiwa root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, na imekubali. Yeye mwenyewe hajafika gigabaiti 6, na kwenye safu ya muhula (`grace`) naona `none`, kwa hiyo upande wa mgao sioni tatizo. Je, diski inakufa? Nimenakili mstari wake:

```
User        used    soft    hard  grace    used  soft  hard  grace
mw217 +- 5662312 5242880 6291456   none   41873     0     0
```

Jibu

Ndugu yangu, diski yako ni nzima. Kilichoimaliza faili ya mwanafunzi ni hilo neno ulilolipita haraka, `none`. Umelisoma kama "hakuna tatizo", na wengi hulisoma hivyo. Kumbe kwenye safu ya muhula, pakiwa patupu ndipo pasipo na tatizo. `none` maana yake muhula umekwisha: siku zilizobaki, hakuna. Tangu saa hiyo mwanafunzi wako haruhusiwi kuongeza hata bloku moja, yaani kipande kidogo cha nafasi ya diski, ingawa ana zaidi ya megabaiti 600 kabla ya kugusa kikomo kigumu.

Nitaeleza yote, lakini data kwanza, kwa sababu kila saa seva inapoendelea kuandika ndivyo uwezekano wa kuipata faili unavyopungua.

Muulize mwanafunzi data ilitoka wapi kabla ya kuingia kwenye hiyo skripti. Vipimo vya udongo kwa kawaida hutoka kwenye kadi za kumbukumbu za vifaa vya shambani, au aliwahi kumtumia msimamizi wake kwa baruapepe. Njia hizo ni za uhakika kuliko uchawi wowote wa seva. Kama hazipo, simamisha kazi ya `fstrim.timer` kwenye seva, maana kama diski ni SSD, kazi hiyo hupita kwa ratiba na kuiambia diski ifute kabisa bloku zilizoachwa. Kisha toa nakala nzima ya kizigeu (sehemu ya diski) cha /home kwa `dd` kwenda diski nyingine, na utafute ndani ya nakala hiyo kwa `grep -a -b` ukitumia kichwa cha jedwali la data yake. ext4 inapoipunguza faili hadi sifuri hufuta ramani ya bloku zake, kwa hiyo jina la faili halitakuongoza popote. Lakini maandishi yenyewe hubaki kwenye bloku hadi mtu mwingine aziandikie juu. Kwa kuwa data ni maandishi matupu, yanaweza kuonekana kwa macho. Baada ya wiki nzima kwenye seva ya wanafunzi mia tatu nafasi ni finyu, ila saa mbili za kujaribu ni haki ya miezi minane ya mtu.

Sasa turudi kwenye `none`.

Mgao ni daftari, si kipimo cha diski. Diski ikiwa na gigabaiti 400 tupu, daftari halijali. Linachojali ni mstari wa mw217: ametumia ngapi, ameruhusiwa ngapi. Ndiyo maana kuna makosa mawili tofauti ambayo watu huyachanganya. Diski ikijaa kweli, keneli, kiini cha Linux kinachosimamia diski na kumbukumbu, hurudisha ENOSPC. Mgao ukikataa, hurudisha EDQUOT, ile inayosomeka kwenye skrini "Disk quota exceeded". Amri ya `df` inakuonyesha habari ya la kwanza tu.

Kwenye daftari kuna namba mbili. Kikomo kigumu ni ukuta. Kikomo laini ni mkopo: unaruhusiwa kukipita, na papo hapo saa inaanza kuhesabu. Kwa kawaida Linux hutoa siku 7. Ukishuka chini ya kikomo laini kabla hazijaisha, saa inafutwa na hakuna aliyejua. Zikiisha ukiwa bado juu, kikomo laini chenyewe kinageuka ukuta, na wewe uko upande wa pili wa ukuta huo tayari. Kila ombi la bloku mpya litakataliwa hadi ushuke chini yake.

Weka sasa namba za mwanafunzi. Ametumia kilobaiti 5662312, yaani gigabaiti 5.4. Kikomo laini ni 5242880, yaani 5 kamili. Skripti yake ilifungua faili kwa ajili ya kuiandika upya, na kufungua kwa namna hiyo huanza kwa kuipunguza hadi sifuri. Ombi hilo halihitaji bloku mpya, linarudisha za zamani, kwa hiyo seva ililikubali bila swali. Megabaiti 3 zikarudi kwenye mgao. Matumizi yakashuka kutoka 5.4 hadi 5.397 hivi, bado juu ya 5. Kisha skripti ikaomba kuandika megabaiti 3 zilezile, na seva ikakataa. Hata baiti moja ingekataliwa, maana baiti moja inahitaji bloku nzima ya baiti 4096. Tendo la kufuta liliruhusiwa, tendo la kuandika likakatazwa, na katikati yake ndipo palipobaki faili ya baiti sifuri. Ndiyo maana ni sifuri kamili, wala si faili iliyokatika katikati. Angekuwa amegonga kikomo kigumu kwenye diski iliyo ndani ya kompyuta yake mwenyewe, kwa kawaida ungekuta kipande cha mwanzo kimeandikwa hadi pale nafasi ilipoishia.

Wanafunzi wako hawakuonywa, na hili linanisumbua kuliko yote. Mpango huu wa vikomo viwili ulitengenezwa na Robert Elz wa Chuo Kikuu cha Melbourne, ukaingia kwenye 4.2BSD mwaka 1983. Wakati ule mtumiaji alikaa mbele ya kituo cha maandishi kilichounganishwa moja kwa moja na mashine. Akipita kikomo laini, onyo lilichapwa hapohapo mbele ya macho yake. Wazo lilikuwa la kiungwana: ukiwa katikati ya kazi pita kidogo, ukimaliza safisha. Mpango mzima uliegemea lile onyo. Leo anayeandika kwenye diski ya seva yako ni huduma ya NFS, isiyo na skrini wala mtu mbele yake. Mwanafunzi yuko kwenye kompyuta nyingine, mbele ya madirisha na panya. Siku 7 zikahesabiwa kimyakimya, zikaisha. Kikomo laini bila onyo ni mtego, na huo ndio uliowekwa kwenye maabara yako bila mtu kukusudia.

Bado kuna swali moja: kwa nini skripti haikulalamika? Seva ilikataa, basi kukataa kule kulipotelea wapi? Hapa inabidi tuifuate data hatua kwa hatua.

Programu ikiita `write()`, ombi la kuandika kwenye faili, data haiendi kwenye diski. Inanakiliwa kwenye kumbukumbu ya keneli, na programu inaambiwa imekubaliwa. Kuandika kwenyewe hufanyika baadaye. Kwa mipangilio ya kawaida ya Linux, kazi ya kusukuma data huamka kila sekunde 5 na kuchukua kilichokaa zaidi ya sekunde 30. Mifumo ya faili kama ext4, XFS na Btrfs huenda mbali zaidi: hata uamuzi wa bloku zipi zitumike huahirishwa hadi wakati wa kusukuma, ili faili ipate bloku zilizopangana badala ya vipande vilivyotawanyika.

Kwa mgao, kuahirisha huku kuna hatari. Keneli ikisubiri hadi sekunde ya 30 ndipo iulize daftari, inaweza kukuta nafasi hakuna, na programu iliyoandika imeshafungwa na mwenyewe kaenda kunywa chai. Wa kumwambia hayupo. Kwa hiyo mfumo wa faili hufanya kama wakala wa basi la mkoani anayekata tiketi bila namba za viti. Kiti gani utakaa, utajua siku ya safari. Lakini idadi ya viti anaipunguza palepale anapokukatia, ili asije akauza tiketi ya 66 kwenye basi la viti 65. Vivyo hivyo `write()` inapopokelewa, ext4 huweka akiba kwenye mgao wa mwenye faili. Akiba ikigonga kikomo, EDQUOT inarudi papo hapo wakati programu bado iko hai. Bloku halisi zikishapatikana, akiba inageuzwa kuwa matumizi. Faili ikifutwa kabla ya kusukumwa, akiba inarudishwa.

Utaratibu huo ni mzuri, na kwenye seva yako ulifanya kazi sawasawa. Shida ni kwamba mwanafunzi hakuwa kwenye seva. Daftari la mgao liko upande wa seva, kompyuta ya maabara haina nakala yake. `write()` ilipoitwa maabara, data iliingia kwenye kumbukumbu ya kompyuta ya maabara, na programu ikaambiwa imekubaliwa na keneli isiyojua lolote kuhusu mgao. Data ilisafiri hadi seva baadaye, na kwa NFS kinachoilazimisha isafiri mwishoni ni kufunga faili. Kwa hiyo jibu la kukataa lilirudi kwenye `close()`. Ukiifuatilia skripti ya namna hii kwa `strace`, chombo kinachoonyesha maombi ya programu kwa keneli, kwenye kompyuta ya maabara utaona kitu kama hiki:

```
openat(AT_FDCWD, "udongo.csv", O_WRONLY|O_CREAT|O_TRUNC|O_CLOEXEC, 0666) = 3
write(3, "tarehe,kituo,kina_sm,unyevu\n"..., 3145728) = 3145728
close(3) = -1 EDQUOT (Disk quota exceeded)
```

Tazama mstari wa pili: baiti 3145728 zimeombwa, 3145728 zimekubaliwa. Ukweli wote uko kwenye mstari wa tatu, mahali ambapo waandishi wengi wa programu hawaangalii, wakiamini kufunga faili ni kama kufunga mlango. Kitabu cha maelekezo cha Linux, ukurasa wa `close`, kimeeleza wazi kwamba kwenye NFS makosa ya ENOSPC na EDQUOT kwa kawaida hayaripotiwi kwenye `write()` ya kwanza iliyopita nafasi, bali kwenye `write()` inayofuata, `fsync()` au `close()`.

Na Python? Ningeweka dau kwamba skripti ile ina mstari wa namna hii:

```python
open("udongo.csv", "w").write(maandishi)
```

Hakuna aliyeifunga faili hiyo. Python inaifunga yenyewe inapotupa kitu kisichotumika tena, na kwenye matoleo ya kabla ya 3.13, kosa linalotokea wakati wa kufunga kwa namna hiyo humezwa kimya, isipokuwa ukiwa kwenye hali ya wasanidi. Kuanzia 3.13 angalau linaandikwa kwenye skrini. Seva ilisema "hapana", keneli ya maabara ikaifikisha hiyo "hapana", na Python ikaimeza. Mwanafunzi hakukosea kitu ambacho angefundishwa darasani, kwa sababu mifano mingi ya kujifunzia imeandikwa hivyohivyo. Mwambie hivyo, tafadhali. Mtu aliyepoteza miezi minane huanza kujilaumu.

Skripti yake iandikwe hivi:

```python
import os

def hifadhi(njia, maandishi):
    mpya = njia + ".mpya"
    try:
        with open(mpya, "w", encoding="utf-8") as f:
            f.write(maandishi)
            f.flush()
            os.fsync(f.fileno())
        os.replace(mpya, njia)
    except OSError:
        if os.path.exists(mpya):
            os.remove(mpya)
        raise
```

Faili ya zamani haiguswi kabisa. Mpya inaandikwa pembeni, ndani ya folda ileile, maana `os.replace` haivuki kutoka mfumo mmoja wa faili kwenda mwingine. `flush` inatoa kilichobaki mkononi mwa Python, `fsync` inalazimisha kila baiti ifike seva na jibu la seva lirudi. Likiwa "hapana", kosa linatokea hapo, ya zamani ikiwa salama. Likiwa "ndiyo", mpya inachukua jina la zamani kwa tendo moja. Gharama yake ni kwamba kwa muda mfupi faili zote mbili zinahesabiwa kwenye mgao, kwa hiyo mtu aliyebakiza megabaiti 2 hawezi kuhifadhi upya faili ya megabaiti 3. Naikubali gharama hiyo bila kusita. Kushindwa kuhifadhi huku cha zamani kikiwapo ni usumbufu, si msiba.

Jambo moja kuhusu `fsync`: ikirudisha kosa, usiiite tena ukitumaini mara ya pili itakubali. Linux baada ya kushindwa kusukuma data inaweza kuzihesabu kurasa zile kuwa safi, na `fsync` ya pili ikarudisha mafanikio ya uongo. Watu wa PostgreSQL waligundua mwaka 2018 kwamba kanzidata yao ilikuwa ikiamini hivyo, na mwanzoni mwa 2019 wakaibadilisha ili isimame kabisa `fsync` ikishindwa, kisha ijirudishe kutoka kwenye kumbukumbu yake ya matukio. Kwa skripti ya mwanafunzi inatosha kuanza upya na data iliyo mkononi, kama ile `raise` inavyomlazimisha.

Sasa jaribio lako la root. Lilikudanganya mara mbili. Kwanza, faili uliyounda ni mali ya root, hivyo ilihesabiwa kwenye mstari wa root, wala haikugusa mstari wa mw217. Mgao unafuata mwenye faili, haufuati folda. Pili, kwenye ext4 mchakato wenye uwezo wa root huvuka vikomo hata ukiandika ndani ya faili ya mwanafunzi. Ukitaka kujaribu mgao, usiwe root. Tengeneza mtumiaji wa majaribio kwenye seva, mpe kikomo kidogo:

```
setquota -u jaribio 1024 2048 0 0 /home
```

Kisha nenda kwenye kompyuta ya maabara, ingia kama huyo `jaribio`, na uandike megabaiti 3:

```
dd if=/dev/zero of=~/jazo bs=64K count=48 conv=fsync
```

Inapaswa kukataa, na `ls -ls` ikuonyeshe kilichobaki. Baadaye rudia bila `conv=fsync`, ukitumia programu zilezile wanazotumia wanafunzi, uone ipi inasema na ipi inanyamaza. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja, na ndiyo itakayokueleza ukweli kuhusu maabara yako kuliko maneno yangu.

Ukiwa kwenye majaribio utakutana na mambo ambayo yanaweza kukuchanganya, nikutajie machache. Kuandika juu ya bloku zilizopo hakuhitaji bloku mpya, kwa hiyo mtu aliyefungiwa na mgao bado anaweza kubadilisha herufi katikati ya faili kubwa. Kinachokataa ni kuongeza. Ndiyo maana kanzidata ndogo ya mwanafunzi inaweza kubadilisha safu za zamani siku nzima, ikashindwa kupokea mpya. Unaweza pia kuona matumizi yamepita kikomo kigumu kwa kilobaiti chache. Usihangaike: bloku za ramani ya faili zikihitajika wakati wa kusukuma, ext4 huzitoa hata kama mgao umejaa, kwa sababu kukataa saa hiyo kungemaanisha kutupa data ambayo imeshaahidiwa.

Siku ukihamia XFS, utaona tabia nyingine. XFS hupenda kuiwekea faili inayokua nafasi ya ziada mbele yake, na nafasi hiyo inahesabiwa kwenye mgao, hivyo matumizi yanaweza kuonekana makubwa kuliko faili zenyewe. Lakini ombi la kuandika likigonga EDQUOT, XFS haimrudishii mtumiaji kosa hapohapo. Kwanza inakusanya nafasi hizo za ziada za mhusika, inazirudisha, kisha inajaribu tena mara moja. Ikishindwa tena ndipo inasema. Naona huo ni uungwana mkubwa kwa upande wa mfumo wa faili. Kwenye mifumo inayonakili kabla ya kubadilisha, kama ZFS, kuna kinyume chake: mgao ukijaa kabisa, hata `rm` inaweza kukataliwa, na dawa ya kizamani ni kuipunguza faili moja hadi sifuri ndipo ufutaji ukubali.

Sasa mw217 afanyiwe nini leo. Mpandishe kwa muda ili awe chini ya kikomo laini:

```
setquota -u mw217 6291456 7340032 0 0 /home
```

Hapo laini ni gigabaiti 6 na kigumu 7. Kwa kuwa matumizi yake ya 5.4 sasa yako chini ya laini, hafungwi tena na ule muhula uliokwisha. Kisha keti naye mtafute kilichojaa. Ana faili 41873, idadi ambayo kwa mwanafunzi wa Python kwa kawaida hutokana na vifurushi vilivyopakuliwa na folda ya `.cache`. Anzeni na:

```
du -xh --max-depth=1 ~ | sort -h
```

Jumla ya `du` ikiwa ndogo kuliko daftari la mgao, msishangae. `du` inahesabu kwa folda, mgao unahesabu kwa mwenyewe. Huenda ana faili kwenye folda ya pamoja ya kikundi ndani ya /home hiyohiyo, nawe ukiwa kwenye seva utaziona kwa `find /home -xdev -user mw217`. Huenda pia kuna faili zilizofutwa huku programu bado imezishika. Kwenye NFS hizo hugeuzwa jina zikaanza na `.nfs` na tarakimu nyingi, na zinaendelea kula mgao hadi programu ile ifungwe. Niliwahi kumkuta mtu aliyefuta gigabaiti 2 akashangaa mgao hausogei. Kompyuta aliyoitumia siku tatu nyuma ilikuwa bado inaendesha kazi yake, mlango wa maabara umefungwa, skrini imezimwa. Tulipoizima kazi hiyo, daftari likashuka palepale.

Kwa maabara nzima, jambo la kwanza ni sauti ya onyo. Washa huduma ya `rpc.rquotad` kwenye seva. Bila hiyo, mwanafunzi akiandika `quota -s` kwenye kompyuta ya maabara hapati kitu, na atafikiri hana mgao. Ikiwa imewashwa, iweke amri hiyo kwenye hatua za kuingia ili kila anayeingia aone hali yake. Panga `warnquota` iendeshwe kila usiku itume baruapepe kwa kila aliyepita kikomo laini, na uandike ujumbe wake kwa Kiswahili kinachoeleweka: umepita kwa kiasi gani, una hadi siku gani, na baada ya siku hiyo faili utakazohifadhi zinaweza kupotea. Siku 7 nazo ni chache kwa mwanafunzi aliye shambani akikusanya data. Kwa `edquota -t` unaweza kuzifanya 30.

Na kama huna njia ya uhakika ya kuwafikishia onyo, maoni yangu ni haya: ondoa kikomo laini kabisa. Weka 0 kwenye nafasi yake, ubaki na kigumu peke yake. Mwanafunzi akikwama kwenye gigabaiti 6 kamili, wewe na yeye mtaiona namba hiyo na kuelewa. Akikwama kwenye 5.4 kwa sababu ya tarehe iliyopita ambayo hakuna aliyemtajia, hakuna atakayeelewa, na mtaishia kutilia shaka diski isiyo na kosa.

Kabla hujafunga ofisi leo, endesha hii kwenye seva:

```
repquota -u /home | grep none
```

Kila jina litakalotoka lina mwenyewe ambaye akihifadhi faili jioni hii anaweza kuikuta tupu kesho. Wapandishie kikomo laini kwanza, wote kwa mpigo, kisha uwapigie simu mmoja mmoja.